Kondoo wa Cap Hornu

Koti la njano lilijitokeza ndani ya ukungu, na watu wote waliokuwa ufukweni Le Crotoy wakanyamaza.

Lilikuja polepole. Kwanza lilikuwa doa tu, pale ambapo mchanga na anga vilikuwa vimeshikana hata hujui kipi kinaanzia wapi. Kisha likapata mabega, likapata miguu. Sabine Tissot, aliyekuwa amekesha akitembea ufukweni huku akiita hadi sauti ikamkauka, aliukamata mkono wa mpelelezi.

"Ni yeye," alinong'ona. "Apolline huyo. Mwendo wake ule."

Mpelelezi huyo, Honorine Delabie, hakuondoa macho kwenye lile koti. Alikuwa jandamari, askari polisi wa Ufaransa, lakini kabla ya ujandamari alikuwa mtoto wa ghuba hii ya Somme, na aliujua ukungu wake. Humwonyesha mtu kile anachokitamani, halafu humnyang'anya. Basi alisubiri. Koti likasogea, na nyuma yake akatokea mbwa mnene wa rangi ya kahawia, ulimi nje.

"Mbona mnanikodolea macho hivyo?" aliuliza mwenye koti, mama mmoja mwenye mashavu mekundu. "Kwani ufuko umeuzwa?"

Sabine aliuachia mkono wa Honorine. Aligeuka, akatazama upande wa mji ambao haukuonekana.

"Samahani, mama," Honorine alisema. "Jana mchana ulikuwa hapa?"

"Jana, juzi, na kesho Mungu akinijalia. Tumetoka Lille kwa ajili ya huyu bwana. Daktari wake anasema atembee, apungue."

"Jana ulinunua chipsi pale kwenye kibanda?"

Mama alimtazama mbwa, mbwa akatazama pembeni.

"Nilinunua. Yeye alikula nusu. Lakini daktari asijue."

Hivyo ushahidi wa muuza chipsi ukafa palepale mchangani. Tangu jana jioni, Apolline aliporipotiwa kupotea, kila mtu alikuwa ameushikilia: mwanamke wa koti la njano alionekana Le Crotoy mchana, akitazama maji yakiingia. Kwa ajili ya koti hilo boti za uokoaji zilikuwa zimepekua upande huu wa ghuba usiku kucha. Helikopta haikuruka kwa sababu ya ukungu. Na sasa koti lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na mbwa.

Honorine alihesabu kilichobaki mkononi, akaona ni kitu kimoja tu. Neno la Ludovic Berthet, rafiki aliyesafiri na Sabine na Apolline. Hakuna mwingine duniani aliyesema kwamba Apolline Charvoz aliwahi kushuka garini kwenye ufuko huu.

"Maji yatarudi saa ngapi?" Sabine aliuliza.

"Mchana. Ni bamvua, maji makuu ya mwezi, na ya leo itapanda kuliko ya jana."

"Binti wa Apolline anajifungua mwezi ujao. Amenipigia simu mara tatu asubuhi hii, sijapokea. Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu bado. Twende tukanywe kahawa."

Walipanda kuelekea nyumba ya kupanga walikofikia Sabine na wenzake. Ukungu ulikuwa umemeza nyumba za matofali, ukaacha madirisha tu yakining'inia na taa zake. Mahali fulani huko nje, juu ya mchanga, sili, wanyama wa bahari wa pwani hii, walikuwa wanalia kwa sauti ndefu, na mtu asiyewajua angedhani ni watu wanaoimba usingizini.

Njiani Honorine aliuliza maswali madogo madogo, na Sabine alijibu kama anayesimulia ndoto aliyoipenda. Wao watatu, yeye, Apolline na Ludovic, walitoka Modane, kwenye milima ya Alpi, marafiki tangu darasa la kwanza. Kila mwaka majira ya kuchipua walipanda gari la Ludovic, lile la buluu lenye vitanda, wakaenda wasikokujua. Mwaka huu walichagua kaskazini. Kule Amiens, Apolline alilala chali katikati ya kanisa kuu ili alione dari vizuri, mlinzi akamwomba ainuke, naye akamwambia, lala na wewe kwanza, ndipo unifukuze. Kule Cap Gris-Nez walikaa juu ya jabali wakila mkate na jibini inayonuka, Uingereza ikiwa ng'ambo imekaa kama moshi. Juzi mchana walipanda treni ndogo ya mvuke inayozunguka ghuba, na dirishani Apolline akawaona kondoo kwenye malisho ya chumvi, mbali, pale ambapo majani yanakutana na bahari.

"Ni mtoto wa mchungaji yule," Sabine alisema. "Akiona kondoo hasikii la mwadhini wala mteka maji. Jana mimi kichwa kiliniuma, nikabaki. Wao wakaenda kuwaona kwa karibu."

"Kule Cap Hornu. Ng'ambo ya ghuba."

"Ndiyo. Halafu wakarudi. Ludo anasema wakarudi."

Honorine alilisikia lile "anasema", akaliweka akiba.

Ludovic alikuwa jikoni, amekaa wima kwenye kiti cha mbao. Mtu mrefu, mvi zimekatwa fupi, mikono mipana. Kwao alikuwa mkuu wa kikosi cha waokoaji wa mlimani mpaka alipostaafu, na usiku kucha wanaume wa boti walikuwa wamemheshimu kwa ajili hiyo. Walimpa kahawa yao, wakamwita mwenzetu. Yeye aliinamisha kichwa kila walipomwita hivyo.

Kando ya jiko la kuni viatu vyake vya mlimani vilikuwa vinakauka, vimejazwa magazeti ndani.

"Bwana Berthet," Honorine alisema, akavuta kiti. "Nieleze tena. Mimi kichwa changu kizito, jambo haliniingii mpaka lirudiwe."

"Nimeshaeleza mara nne."

"Basi hii ya tano itakuwa imeiva."

Ludovic alipangusa uso. "Tulitoka asubuhi. Tukaenda Cap Hornu. Tukasimama juu ya tuta la kuzuia bahari, tukawatazama kondoo. Tukarudi huku. Apolline akasema nimshushe ufukweni, anataka kuona maji yakiingia. Nikaenda kuegesha gari. Niliporudi hakuwepo."

"Hamkushuka kwenye majani?"

"Hapana. Tuta tu."

"Kondoo walikuwa wengi?"

Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea.

"Mia mbili, labda zaidi. Wametapakaa mbali kabisa, kama mawe meupe. Wanakondoo wanaruka mifereji. Apolline alisimama akawatazama mpaka machozi yakamtoka. Alisema baba yake angependa kuona kitu kama kile kabla hajafa."

Sabine alijifuta macho kwa kiganja. Honorine alinyanyua birika, akawamiminia wote. Kahawa ilikuwa ya kaskazini, imechanganywa na unga wa mzizi wa chikori, nyeusi na chungu.

"Mchungaji mlimwona?"

"Kwa mbali. Ana mbwa."

"Mbwa wangapi?"

"Mmoja. Wawili. Kwa nini unauliza habari za kondoo, bibi? Mtu amepotea baharini."

"Nawapenda kondoo," Honorine alisema. "Viatu vyako hivi?"

"Vyangu."

"Vimelowa hasa. Na jana haikunyesha."

"Niliviosha."

"Likizoni?"

"Mtu wa mlimani huosha viatu vyake."

"Hilo kweli, na sisi wa pwani tungejifunza." Alikiinua kimoja, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Soli ilikuwa safi. Alikunja ulimi wa kiatu, akapitisha kucha chini ya kamba. Kucha ikatoka na tope la kijivu, laini kama uji wa mtoto. Alilisugua baina ya vidole viwili, akalinusa, akakirudisha kiatu mahali pake taratibu.

"Nakuja," alisema. "Simu."

Uani kulikuwa kimya. Kamba ya nguo ilianzia ukutani ikapotelea hewani. Honorine alipiga namba aliyoijua kwa moyo tangu utotoni.

"Fulbert, kondoo wako wako wapi?"

"Wamenizunguka hapa zizini, wanapiga kelele kama wabunge," mchungaji alijibu. "Kwani umemkamata mmoja?"

"Wako ndani tangu lini?"

"Tangu juzi jioni. Honorine, we mtoto umelewa asubuhi yote hii? Bamvua hii! Nani anaacha kondoo nje siku za bamvua? Babu yako angesikia unaniuliza swali hilo angefufuka akuchape."

"Najua. Nilitaka nilisikie kwenye mdomo wa mtu mwingine."

"Kuna nini?"

"Mashua yako bapa iko tayari?"

Fulbert aliacha utani. Nyuma yake kondoo waliendelea kulia, mamia yao, zizi zima.

"Itakuwa tayari," alisema.

Honorine alibaki na simu mkononi kidogo. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia zizini kwa Fulbert. Lakini swali lililobaki halikuwa la kwa nini amedanganya. Lilikuwa la wapi. Pwani hii yote mtoto hufundishwa jambo moja kabla ya kufundishwa kuogelea: malisho yakiwa matupu, toka. Mchungaji huwaingiza kondoo kabla bahari haijaja juu ya majani, kwa hiyo majani yasiyo na kondoo ni tangazo, hata kama hakuna kibao. Watu wa mlimani wanafundishwa kinyume chake. Kwao kundi hupanda juu, hukaa huko mpaka majani yaishe. Usipoliona hapa, liko mbele. Nenda mbele.

Alirudi jikoni, hakukaa.

"Bwana Berthet, jana Cap Hornu hakukuwa na kondoo hata mmoja."

Sabine aliweka kikombe chini.

"Waliingizwa juzi jioni, saa chache baada ya nyinyi kuwaona toka kwenye treni. Ulichonieleza ni kile mlichotarajia kukiona. Na tope la viatu vyako si la tuta, wala si la ufuko huu, huku ni mchanga mtupu. Hilo linatoka ndani ya malisho, kwenye mifereji."

Ludovic alikuwa anautazama mvuke wa kahawa yake.

"Mlifika mkakuta majani matupu," Honorine aliendelea, sauti imeshuka. "Mkasema, wako mbele."

"Yeye ndiye aliyesema," Ludovic alijibu.

Akakizungusha kikombe mezani.

"Alisema tukivuka mfereji mmoja tu tutawaona. Tukavuka. Hawapo. Akasema mmoja tena. Kulikuwa kuzuri kule, Sabine. Hukuona tuta, hukuona mji, majani tu na mwanga. Tukawa tunacheka. Kisha mguu wake ukaingia shimoni. Nikausikia ukivunjika."

"Ludo," Sabine alisema.

"Nilimbeba hatua kadhaa. Tukazama wote wawili mpaka magotini. Nikamketisha kwenye kichuguu cha majani, nikamwambia, ngoja, naleta msaada. Nikakimbia. Maji hayakuja toka baharini. Yalitoka nyuma yangu, kwenye mifereji, kimya kimya, kama mtu anayemimina. Nilipopanda tuta nikageuka. Kulikuwa na maji tu. Majani hakuna, kichuguu hakuna. Yeye hakuna."

"Na simu?" Honorine aliuliza. "Ulikuwa na simu mfukoni."

"Nilikuwa nayo."

"Hukupiga."

"Niliishika. Nilisema, amekwisha. Nikajiona nikisema kwa watu, mimi, Berthet, nimemwacha mwenzangu. Miaka yote nimewafundisha vijana, humwachi mtu peke yake, hata akiwa maiti. Miguu ikanipeleka garini. Nilipofika kwenye barabara ya huku, maneno yalikwisha kujipanga mdomoni. Ufuko. Maji. Nikaegesha gari."

Sabine aliinuka. Honorine alidhani atampiga. Hakumpiga. Alisimama mbele yake akamtazama kama anayemtafuta mtu mwingine ndani ya ule uso.

"Usiku kucha uliniona naita," alisema. "Ulisimama pembeni yangu nikiita upande ambao hayupo. Ukanifunika na koti lako, Ludo. Ukaniambia nipumzishe koo."

Ludovic alitazama viatu vyake kando ya jiko.

"Nisikilize," Honorine alisema, akamshika begani. "Pale kwenye kichuguu. Kulikuwa na nini karibu? Chochote."

"Hakuna. Bwawa dogo. Kigingi. Kitu kama paa la majani, limekaa chini, kama nyumba iliyozama."

"Mbali na yeye?"

"Kama kutoka hapa mpaka barabarani."

Honorine alikwisha kushika simu. "Kibanda cha wawinda bata. Hujengwa juu ya maboya na kufungwa kwenye vigingi. Bamvua ikija, kinapanda nayo."

"Mwenye mguu uliovunjika angefikaje?" Sabine aliuliza.

"Kwa kutambaa."

"Na hicho kibanda kikiwa kimetoboka?"

Honorine alikuwa ameshaanza kuongea na watu wa boti.

Boti za uokoaji zilikuwa kubwa mno kwa mifereji ya Cap Hornu, tena zilipaswa kuzunguka ghuba nzima. Gari la jandamari lilizunguka kwa barabara, taa zinafyonzwa na ukungu. Sabine alikaa mbele, mikono mapajani. Ludovic alikaa nyuma. Hakuna aliyemwalika na hakuna aliyemkataza.

Fulbert aliwangoja chini ya tuta, mzee mfupi ndani ya buti zinazofika kiunoni, na mashua yake bapa ikiwa imeanza kuelea pale ambapo asubuhi palikuwa majani makavu. Maji yalikuwa yanaingia. Hayakuwa na wimbi wala povu. Yalijaza alama za kwato, yakajaza mifereji, kisha majani yakaanza kulala upande mmoja.

"Watu wawili, na mimi, na nafasi ya kumlaza majeruhi," Fulbert alisema. "Zaidi tunazama."

Sabine alimtazama Honorine, kisha Ludovic.

"Aende yeye," alisema. "Anajua alipomwacha."

Wakaingia. Fulbert alisukuma kwa upondo, kwa maana injini ingenasa kwenye majani, na tuta likatoweka mara moja, na Sabine juu yake. Ikabaki dunia ya rangi moja, nyeupe juu na nyeupe chini, na mashua katikati ikienda bila kuonekana kwenda. Bata wawili walipita karibu nao wakielea, wamelala. Honorine aliona haya kwa jinsi kulivyokuwa kuzuri.

"Hapa mfereji wa kwanza," Ludovic alisema. Baadaye akasema, "Wa pili." Kisha akabaki akitafuta kwa macho, maana kichuguu hakikuwepo tena, na palipokuwa na bwawa palikuwa na maji kama mahali pengine popote.

Fulbert aliinua upondo, akaacha mashua ielee. Wakasikiliza.

Walisikia sili. Walisikia matone kwenye upondo. Honorine aliomba kimoyomoyo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya mama yake.

Ndipo ikaja sauti, upande wa kulia, imepasuka, imechoka, ikivuta neno moja. Fulbert alishtuka akageuka. Haikuwa inasema nisaidieni. Haikuwa inasema niko hapa.

"Ludooo!"

Kimya. Kisha tena, bila haraka, sauti ya mtu aliyeita hivyo usiku kucha na hategemei kujibiwa.

"Ludooo!"

Ludovic alijikunyata kwenye pua ya mashua. Honorine aliinama mpaka sikioni kwake.

"Jibu," alisema. "Atakosa nguvu. Tutampoteza. Jibu, bwana!"

Alifungua mdomo mara mbili kabla sauti haijatoka.

"Apo! Niko hapa!"

Sauti ya kule ilikatika. Kilichofuata kilikuwa kilio, kilio cha furaha kisichokuwa na aibu, na Fulbert akakifuata kwa upondo mpaka paa la majani likatokea, limepanda juu ya maji, mnyororo umekazwa, kibanda kizima kikiyumba taratibu. Kwenye tundu la kupitishia bunduki ulikuwepo uso wa mwanamke, umepakaa tope mpaka kwenye nyusi, na mkono mmoja wa koti la njano.

Ludovic ndiye aliyemtoa. Mikono yake ilijua kazi hiyo hata bila yeye. Aliufunga mguu, akamviringisha blanketi, akamlaza kwenye sakafu ya mashua kichwa kikiwa mapajani mwake, na wakati wote huo Apolline alikuwa anamshikashika uso, masikio, nywele.

"Mzima wewe," alisema. "Mzima. Mimi ndiye niliyesema twende mbele. Ukaondoka tu, maji yakaja, nikayaona yakikupita. Usiku kucha nimejiambia, nimemuua Ludo. Nitamwambia nini Sabine? Kibanda kinapanda, kinashuka, na mimi nawaza hilo moja."

Fulbert alisukuma, macho mbele. Honorine alikuwa na maswali yake yote tayari, ya saa, ya mahali, ya nani alisema nini, na hakuuliza hata moja.

"Ulisema utaleta msaada," Apolline alisema, akafumba macho, akitabasamu. "Ukauleta."

Kutoka kwenye tuta walianza kumsikia Sabine akiita, na safari hii aliita upande wenyewe. Ludovic alimtazama Honorine. Mpelelezi hakumsaidia. Alitazama majani yaliyolala chini ya maji, akangoja.

"Hapana, Apo," Ludovic alisema. "Sikuuleta mimi."

Apolline alifumbua macho.